Anza na Unachokijua: Hotuba kwa Vijana wa Kansanga Kuhusu Kazi za SEO na Masoko ya Mtandaoni

Mwenyekiti, walimu wetu, wazee mlioketi mbele, na ninyi vijana mliojaa hadi kwenye ngazi, habari za mchana. Nimeambiwa humu ndani, hapa Kansanga, Kampala, mna wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na wenyeji wa Busia, Arua na Bombo. Walionialika walisema nizungumze Kiswahili kwa sababu Kiingereza mnakisikia kutwa nzima darasani. Nimefurahi, maana mambo ya kazi hii husemwa kwa Kiingereza cha kuogopesha, na mengi yake yakishushwa kwa lugha ya kawaida unagundua hayakuwa makubwa kiasi hicho.

Swali mlilonipa ni hili: mtu anayeanza leo kazi ya SEO, yaani kuifanya tovuti ionekane juu watu wanapotafuta Google, na matangazo ya mtandaoni, ana nafasi? Nijibu kwanza, maelezo yafuate. Anayo. Lakini ile ngazi ya chini kabisa, ambayo wengi wetu tuliingilia, imeng'olewa. Anayekuja leo itabidi apitie kwingine, na njia iliyobaki wazi kwa kijana wa Kampala ni kujua jambo fulani la hapa kwetu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuliandika mtandaoni.

Ngazi hiyo ilikuwa ya kuandika makala kwa bei ya neno. Mteja yuko ng'ambo, anataka makala 20 kuhusu magodoro au bima ya mbwa. Wewe uko Wandegeya na bando la usiku, hujawahi kumwona mbwa mwenye bima, unasoma makala za wengine na kuzipindua maneno. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalilipa kodi ya chumba, na humo humo mtu akajifunza kichwa cha habari ni nini, maneno gani watu huandika wanapotafuta, kwa nini ukurasa mmoja hupanda na mwingine hulala. Ilikuwa shule yenye mshahara.

Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT, mashine ya akili mnemba inayoandika yenyewe, ikafunguliwa kwa umma. Yule mteja wa magodoro hakuhitaji tena mtu wa kumpindulia maneno. Watu wakaanza kumwaga makala za mashine kwa maelfu, na Machi 2024 Google wakatangaza kanuni mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kukamata nafasi. Miezi miwili baadaye, Mei 2024, wao wenyewe wakaanza kuweka jibu la akili mnemba juu ya matokeo, kwanza Marekani, kisha nchi nyingi. Sasa mtu akiuliza godoro bora ni la unene gani, jibu analikuta palepale juu, na hana haja ya kubofya popote.

Nawaambia haya mapema kwa sababu kuna watu mjini wanauza kozi za kuwafundisha ninyi kazi ile ile iliyokwisha. Wanawaonyesha picha za skrini zenye dola. Ulizeni picha ni za mwaka gani.

Hata hivyo tusijitie hofu ya bure. Watu wa kazi hii wametangaziwa kifo chake mara nyingi. Google ilipoanzishwa 1998, werevu wake mkubwa ulikuwa kuhesabu viungo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi zenye heshima huchukuliwa kuwa na maana. Watu wakajifunza kununua viungo kama wanavyonunua nyanya. Mwaka 2011 likaja badiliko lililoitwa Panda, likapiga tovuti za makala hafifu. Mwaka 2012 likaja Penguin, likawapiga waliokuwa wakitengeneza viungo vya uongo. Kila mara walioanguka ni wale waliokuwa wamejenga juu ya hila, na kila mara waliobaki walikuwa na kitu ambacho mtafutaji alikihitaji kweli.

Sasa nije kwenye kitu hicho, na nianze na biashara inayolipa kazi ya utafutaji pengine kuliko nyingine yoyote Uganda: utalii, hasa gorila wa milimani.

Fikirieni hesabu yake. Tangu Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika asiye mkazi wa Uganda hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwaona gorila, kwa saa moja tu ya kukaa nao. Hapo hajakodi gari, hajalala, hajala. Rwanda kibali ni dola 1,500. Kwa hiyo mtu aliyeko Berlin au Chicago anakaa wiki nzima kwenye simu akilinganisha: Uganda au Rwanda, mwezi gani, kampuni ipi. Kampuni ya safari ya Kampala ikimpata mteja mmoja kupitia utafutaji, faida yake ni kubwa kuliko ya duka linalouza soda mwezi mzima. Ndiyo maana ofisi za safari zenye watu watano tu huwa na mmoja ambaye kazi yake ni tovuti. Na ndiyo maana ushindani wake ni mkali: unashindana na jirani yako wa Ntinda, na kampuni za Ulaya, na tovuti kubwa za usafiri za dunia nzima.

Kijana anayeanza ataingia wapi humo? Chukua simu, tafuta bei ya kibali cha gorila Uganda, kisha usiishie kwenye ukurasa wa kwanza. Shuka. Utakuta kurasa ambazo bado zinasema dola 700, ile bei ya kabla ya Julai 2024. Nyingine zinasema 600, bei ya zamani zaidi. Mwenye kampuni hajui kama ukurasa huo upo. Uliandikwa na mtu aliyekwisha ondoka. Mteja akiusoma, akapiga hesabu kwa 700, halafu akaletewa ankara ya 800, anaona ameibiwa. Mtu anayemwandikia mwenye kampuni barua pepe fupi, "Ukurasa wenu huu una bei iliyopita, na huu hapa una umri wa chini usio sahihi, sheria ni miaka 15," ameshaonyesha kazi kabla hajaomba kazi.

Kuna la ndani zaidi. Bwindi, msitu wa hao gorila, ina maeneo manne ya kuanzia matembezi: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani yanaonekana yamekaribiana. Barabarani, kutoka Buhoma hadi Rushaga ni mwendo wa saa kadhaa kuzunguka msitu, milima kwa makorongo, na wageni hutakiwa kufika kituoni asubuhi mapema kupewa maelezo. Mgeni mwenye kibali cha Rushaga aliyelazwa hoteli ya Buhoma amekwisha. Mashine inaweza kukuandikia aya nzuri sana za ukungu wa asubuhi Bwindi, kisha ikampendekezea mgeni hoteli ya upande usio wake. Dereva wa safari hawezi kukosea hapo. Mwandishi aliyekaa na dereva nusu siku naye hatakosea. Mwishoni mwa 2022 Google waliongeza uzoefu kwenye vigezo ambavyo wakaguzi wao hutumia kupima ubora wa ukurasa: je, aliyeandika amewahi kufanya anachokisema? Huyo dereva ndiye uzoefu. Kazi yako ni kumsikiliza na kuandika vizuri.

Najua wengi wenu hamjawahi kufika Bwindi. Wala mimi sisemi lazima uanze na gorila. Kuna jambo mnalolijua ninyi kuliko kampuni zote za matangazo za mji huu, nalo liko nje ya mlango wa ukumbi huu. Hosteli.

Kila muhula wanafunzi wanakuja Kansanga na Kabalagala kutoka Kisumu, Mwanza, Goma. Kabla hawajapanda basi wanatafuta kwenye simu. Wanapata nini? Kurasa mbili tatu zenye picha za kitanda na maneno "mazingira tulivu". Hakuna anayewaambia ni hosteli ipi maji hukatika Jumamosi, ipi ina jenereta inayowashwa kweli na ipi inayo kwa maonyesho, geti linafungwa saa ngapi, wanataka malipo ya muhula mzima au nusu, amana inarudishwa au ndiyo imekwenda. Ninyi mnajua. Mmejua kwa kuumia.

Basi nunua jina la tovuti, tengeneza kurasa chache nyepesi zinazofunguka kwenye simu ya bei ndogo yenye bando la mwisho mwisho, andika hosteli kumi ulizozitembelea kwa miguu yako, bei na tarehe uliyoiuliza. Weka Kiingereza na Kiswahili, na kama una rafiki wa Goma, Kifaransa. Unganisha Search Console, zana ya Google ambayo ni bure, siku hiyo hiyo ya kwanza, maana hutunza takwimu za miezi 16 na hiyo ndiyo kumbukumbu utakayokuja kumwonyesha mwajiri. Itakuambia watu waliandika maneno gani, ukurasa wako ulionekana mara ngapi, ulibofywa mara ngapi. Utaona watu wanatafuta jambo ambalo hukuliandika. Liandike. Utaona ukurasa unaonekana sana lakini haubofywi. Badilisha kichwa chake, subiri, angalia tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote ni mapambo.

Ukienda kwenye usaili na kitu hicho, hata kama kina wasomaji mia mbili tu kwa mwezi, unazungumza na mwajiri kwa lugha nyingine kabisa na yule mwenye vyeti saba. Sivikatai vyeti. Vya Skillshop, tovuti ya mafunzo ya Google, ni bure, vya matangazo hudumu mwaka mmoja kisha unarudia mtihani, na vinakufundisha vitufe viko wapi. Chukua kimoja au viwili. Kulipia cheti shilingi milioni moja, hapana.

Walimu mtanisamehe hapo.

Eneo la pili lenye nafasi halina sifa kwenye mitandao kwa sababu linahitaji kutoka nje na kupigwa jua: biashara kwenye ramani. Nendeni soko la Kisekka wanakouza vipuri vya magari. Kuna mtu pale ana kila kipuri cha Toyota unachoweza kukitaja, wateja wake wanatoka hadi Juba na Bunia, na kwenye Google ama hayupo kabisa ama yupo upande usio wake wa barabara, na simu iliyoandikwa ni ya mfanyakazi aliyekwisha acha kazi.

Zamani kuthibitisha kwa Google kwamba duka ni lake ilikuwa shida. Google walikuwa wakituma kadi ya posta yenye namba ya siri, na sisi huku barua zinakwenda kwenye sanduku la posta, hazigongi mlango wa duka. Siku hizi mara nyingi wanataka video. Nieleze inavyofanyika maana watu hukataliwa kwa uzembe. Unasimama barabarani na simu, unarekodi bila kukatiza: kwanza barabara na jengo la jirani lenye jina linaloonekana, kisha kibao cha duka, kisha mwenye duka anafungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe, mnaingia, unaonyesha rafu, kaunta, leseni ya biashara ukutani. Video hiyo hairuki kutoka sehemu hadi sehemu wala haipambwi muziki. Wanachotaka ni ushahidi wa mambo matatu: mahali papo, biashara ipo, na huyu ana mamlaka nayo. Asubuhi kabla soko halijajaa ndiyo saa nzuri, vinginevyo utarekodi migongo ya watu na boda boda.

Baada ya hapo ni picha za kweli, saa za kufungua, namba ya WhatsApp, na kumfundisha mwenye duka kuwaomba wateja waandike maoni na yeye kuyajibu. Na fungua akaunti hiyo kwa barua pepe ya mwenye duka, wewe uongezwe kama meneja. Kuna mtindo mbaya mjini wa watu kufungua kila kitu kwa jina lao, kisha mteja akitaka kuondoka anaambiwa alipe ili arudishiwe duka lake mwenyewe. Ni wizi uliovaa tai. Mkiukuta huko mtakakoajiriwa, msiurithi.

Sasa mitandao ya kijamii, kwa ufupi kuliko mlivyotarajia. Mtu anayefanya masoko ya mtandaoni Uganda lazima ajue historia ya nchi hii. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp, Facebook na mengine. Kodi hiyo iliondolewa 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ikarudi, Facebook ikabaki imefungwa, watu wakaingia kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako nchi nyingine. Wafanyabiashara waliokuwa wamejenga kila kitu kwenye ukurasa wa Facebook walilala wana wateja, wakaamka hawana. Waliokuwa na tovuti yao na daftari la namba za wateja waliyumba lakini hawakuanguka.

Na VPN ina jambo la kitaalamu ambalo wageni wa kazi hawalifikirii. Mteja wako yuko Kamwokya lakini VPN inamwonyesha kana kwamba yuko Uholanzi. Ukiagiza tangazo lionekane Kampala tu, huyo anaweza asilione. Ukisoma ripoti ukafurahi kwamba una wasomaji wengi wa Ulaya, huenda ni watu wa Kamwokya hao hao. Kwa hiyo msisome dashibodi kama msahafu. Muulizeni mwenye duka: wiki hii umepigiwa simu ngapi, na waliopiga wametoka wapi?

Daftari la namba nalo lina sheria yake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Namba ya mtu ni yake, huichukui bila ridhaa na kumwaga ujumbe kila Ijumaa.

Kuhusu lugha niseme ukweli hata kama hautapendeza ukumbi huu. Pesa kubwa ya utafutaji hapa bado iko kwenye Kiingereza, na kwa safari, Kijerumani na Kiholanzi kidogo. Zana za kuchambua maneno ya utafutaji zina data haba sana kwa Kiswahili, na kwa Kiganda hali ni mbaya zaidi, ijapokuwa Google Translate ilikipokea mwaka 2022. Mwajiri akitazama zana akaona sifuri, anasema hakuna soko. Mimi nasema kuna soko lisilopimwa, ambalo ni jambo tofauti. Mfanyabiashara wa Bunia au Butembo anayekuja Kikuubo kununua kwa jumla anazungumza Kiswahili, anatafuta kwa Kiswahili au anauliza kwa sauti kwenye simu, na kurasa za kumjibu ni chache mno. Usiache Kiingereza kwa ajili yake. Ila ukiwa na mteja mwenye ghala Kikuubo, mwandikie kurasa za Kiswahili kama nyongeza, uone. Ushindani ni mdogo kiasi kwamba hata aliyeanza jana anaweza kuonekana.

Nimalizie na pesa, maana naona mnaangaliana.

Nafasi za kuajiriwa zipo kwenye wakala wa matangazo, benki, kampuni za simu, mashirika yasiyo ya kiserikali, kampuni za safari. Tangazo la kazi mara chache husema SEO peke yake. Litasema afisa masoko ya mtandaoni, halafu chini wameorodhesha kazi za watu wanne. Usiogope, na usidanganye kwamba unazijua zote. Mafunzo kazini mengi hayalipi zaidi ya nauli. Ukikubali, weka muda, miezi mitatu basi, na udai kuonyeshwa akaunti halisi. Kama kazi yako ni kutengeneza mabango ya sikukuu tu, hapo hujifunzi, unatumika.

Ukijitegemea, jisajili upate TIN, namba ya mlipa kodi, mapema. Kampuni na mashirika makubwa yakikulipa zaidi ya shilingi milioni 1 mara nyingi hukata kodi ya zuio ya asilimia 6 ya malipo hayo, na bila makaratasi hutaidai popote. Chukua nusu kabla ya kuanza. Wateja wa hapa wanalipa kwa mobile money bila tatizo. Wa ng'ambo, kubalianeni njia ya malipo kabla hujaandika hata mstari, kwa sababu si kila huduma inayomruhusu Mmarekani kutuma pesa inamruhusu Mganda kupokea.

Na usimwahidi mtu namba moja. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Mteja akikuambia yule mwingine ameahidi, mwambie aende kwa yule mwingine, kwa heshima, na umwachie namba yako. Wengi hurudi baada ya miezi sita, wakiwa na maneno machache zaidi na masikio makubwa zaidi.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Dada wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja Facebook, tuanze na yeye. Halafu wale wa hosteli, kama kuna wawili watatu wako tayari kuanza, bakini na simu zenu. Mwenye kompyuta mpakato tunaweza kuunganisha Search Console leo leo kabla umeme haujakatika.